Jezi ya Taifa, Mkataba wa Mchezaji na Mapenzi ya Nyumbani



Kila inapotangazwa orodha ya wachezaji walioitwa katika Amavubi, timu ya taifa ya mpira wa miguu ya Rwanda, watu wa Rusizi huisikiliza kwa masikio mawili. Sikio moja hutaka kujua kama walioitwa wataweza kuilinda heshima ya nchi. Sikio la pili hutafuta jina la kijana wa nyumbani. Jina hilo likisikika, Kamembe nzima hupata la kuzungumza. Lisiposikika, huzuka swali ambalo huulizwa Rusizi kama linavyoulizwa Kigoma, Kisumu na Bukavu: je, kijana wetu ameachwa kwa kuwa hajaiva, au ameachwa kwa kuwa anatoka mbali?

Swali hilo si la uchochezi. Ni swali la haki, na swali la haki hustahili jibu. Katika mazungumzo haya tutajaribu kueleza kwamba jibu lake limo katika karatasi tatu. Karatasi ya kwanza ni hati inayoonyesha mchezaji ni nani na ni raia wa wapi. Ya pili ni mkataba unaoonyesha yuko klabu gani na kwa masharti gani. Ya tatu ni orodha yenyewe ya uteuzi, pamoja na sababu zake. Karatasi hizo zikiwa safi, mapenzi ya mtu kwa wilaya yake huwa ni nguvu ya taifa. Zikiwa na doa, mapenzi hayo hayo hugeuka manung'uniko, na anayeumia kwanza ni kijana wa mpakani.

Hebu tuitazame Rusizi ilivyo. Mji huu, uliojulikana kwa jina la Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, uko kusini magharibi mwa nchi, pale Ziwa Kivu linapomwaga maji yake katika mto Rusizi. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, mji wa klabu za Muungano na Bukavu Dawa. Kusini zaidi, katika bonde la Bugarama, mipaka ya Rwanda, Burundi na Kongo inakutana. Kwenda Kigali kwa barabara ni safari ya zaidi ya kilomita 200, na sehemu yake hupita katikati ya msitu wa Nyungwe. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya mpakani hapa muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017.

Katika mahali kama hapo, jamaa wa ukoo mmoja huweza kuishi kingo zote mbili za mto. Mtoto huweza kuzaliwa upande mmoja, akasoma upande wa pili, na akaanza kucheza kandanda popote alipopata mpira na wenzake wa kucheza nao. Kwake yeye na wazazi wake hakuna lililofichika. Lakini siku anapofika mbele ya karani wa chama cha mpira, maisha hayo ya kawaida huanza kuonekana kama fumbo. Aliandikishwa wapi? Kwa jina gani? Alizaliwa tarehe gani? Asipokuwa na majibu yaliyoandikwa, kipaji chake huwa kama mali isiyo na hati.

Klabu inayobeba jina la wilaya hii ni Espoir, neno la Kifaransa lenye maana ya tumaini, na uwanja wake ni Kamarampaka. Kwa miaka mingi Espoir ilikuwa mlango ambao kijana wa Rusizi aliweza kuupitia akaonekana na nchi nzima. Mwishoni mwa msimu wa 2022/23 klabu hiyo iliteremka daraja. Jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko aibu ya msimamo wa ligi. Klabu ya wilaya inapokuwa daraja la kwanza, timu kubwa za Kigali hulazimika kuja kucheza ugenini, waandishi huja nazo, na mwalimu wa timu ya taifa ana sababu ya kufunga safari. Klabu inaposhuka, safari hizo hukoma. Kijana mwenye miguu ileile na mapafu yaleyale huwa amesogezwa mbali na macho ya wateuzi bila yeye kutenda kosa lolote.

Kwa hiyo, mara nyingi jambo ambalo mpenzi wa mpira huliita chuki dhidi ya mkoa wake huwa kwa kweli ni umbali. Mwalimu huchagua kutoka kwa wale anaowaona, na anaowaona kwa urahisi ni wachezaji wa APR, Rayon Sports, Kiyovu, Police na AS Kigali, ambao huchezea mjini Kigali. Lakini kueleza sababu ya jambo si kulihalalisha. Umbali usiporekebishwa, matokeo yake kwa kijana aliyeachwa ni sawasawa na matokeo ya upendeleo.

Yako mashauri ambayo husikika kila malalamiko yanapozidi. Shauri moja ni kwamba kila mkoa upewe sehemu yake katika timu ya taifa: Magharibi watu kadhaa, Kusini watu kadhaa, na kadhalika. Kwa masikio ya haraka, shauri hilo lina sura ya haki. Lakini Rwanda inayo historia inayoifanya ipime maneno hayo kwa uangalifu mkubwa. Kabla ya mwaka 1994, chini ya siasa iliyoitwa iringaniza, nafasi za shule na za kazi ziligawanywa kwa hesabu ya kabila na ya mkoa. Hesabu hizo hazikuleta usawa. Zilimfundisha mtoto kumtazama mwenzake darasani kama mtu aliyekalia kiti chake. Taifa lililopita katika moto ule halina sababu ya kuirudisha hesabu hiyo kupitia uwanja wa mpira. Timu ya taifa haipaswi kuwa bunge la mikoa. Inapaswa kuwa mkusanyiko wa wachezaji bora waliotafutwa mahali pote. Na mkazo uwekwe hapo kwenye maneno mawili ya mwisho: mahali pote.

Wala haifai kudhani kwamba mapenzi ya nyumbani ni adui wa timu ya taifa. Majirani zetu wa Kenya wanatupa mfano. Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, ilikuwa na mizizi yake miongoni mwa Waluo. Mshindani wake mkubwa alikuwa Abaluhya, klabu iliyobeba jina la Waluhya. Mwaka 1980, serikali ilipotaka klabu ziache majina ya makabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina lilibadilika, lakini washabiki hawakubadilika, na upinzani wa klabu hizo uliendelea kuwa mkali. Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo, wachezaji wa Gor Mahia na wa AFC Leopards walivaa jezi moja ya Harambee Stars, na Kenya ikalitwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, mwaka 1981, 1982 na 1983. Mshabiki hakuombwa aache kuipenda klabu yake. Alichohitaji ni kuamini kwamba aliyeitwa ameitwa kwa sababu ya mpira wake.

Rwanda nayo imeonja furaha ya aina hiyo. Mwaka 2003, mabao ya Jimmy Gatete yaliipa nchi ushindi wa 1–0 dhidi ya Uganda mjini Kampala, kisha ushindi wa 1–0 dhidi ya Ghana mjini Kigali, na Amavubi wakakata tiketi ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizofanyika Tunisia mwaka 2004. Huko walishindwa na wenyeji kwa 2–1, wakatoka sare ya 1–1 na Guinea, na wakaifunga Kongo bao 1–0, lililotiwa wavuni na Said Abed Makasi. Wakati wa furaha ile hakuna aliyeuliza mfungaji anatoka wilaya gani.

Hapo ndipo tunapofika kwenye karatasi ya kwanza, yaani hati ya utambulisho. Kwa nchi ambayo watu wake wengi waliishi uhamishoni tangu mwaka 1959, nchini Uganda, Burundi, Tanzania na Kongo, mahali pa kuzaliwa peke yake hapawezi kuwa kipimo cha uraia. Mwananchi wa Rwanda huweza kuwa amezaliwa Kampala au Bujumbura na bado akawa mwananchi kamili. Kanda yetu yote iko hivyo. Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura, akachezea Yanga ya Dar es Salaam, akaenda Ulaya hadi kucheza fainali ya klabu bingwa mwaka 2004 akiwa na Monaco, na timu yake ya taifa ikawa Kongo. Hakuna uhalifu katika safari kama hiyo. Uhalifu, au walau maafa, huanza pale mtu mmoja anapokuwa na majina mawili.

Rwanda ililipa gharama ya jambo hilo mwaka 2014. Katika michezo ya kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2015, Amavubi waliitoa Libya, na mabao yote matatu ya mchezo wa Kigali yalifungwa na Dady Birori. Kisha wakakutana na Kongo-Brazzaville. Walishindwa 2–0 ugenini, wakashinda 2–0 nyumbani, na wakavuka kwa mikwaju ya penalti. Kongo-Brazzaville ikapeleka malalamiko: mchezaji huyo, aliyekuwa akichezea Vita Club ya Kinshasa, alikuwa ameandikishwa huko kwa jina la Etekiama Agiti Tady, na tarehe za kuzaliwa zilikuwa mbili tofauti. Mwezi Agosti 2014 Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika, CAF, liliiondoa Rwanda mashindanoni na kumsimamisha mchezaji. Kongo-Brazzaville ilirudishwa, ikaingia katika kundi moja na Nigeria, Afrika Kusini na Sudan, ikafuzu, na ikafika robo fainali.

Yafaa tutafakari ukubwa wa hasara hiyo. Wachezaji wengine wote, ambao hati zao zilikuwa safi, walipoteza jasho la dakika zote walizocheza. Watazamaji waliojaza uwanja walipoteza ushindi waliouona kwa macho yao. Lakini hasara ya muda mrefu iliwaangukia watu ambao hawakuhusika kabisa. Baada ya kashfa hiyo, milango ilifungwa kwa wachezaji waliopewa uraia. Meddie Kagere, mzaliwa wa Uganda, alikaa takriban miaka minne bila kuitwa. Alipoitwa tena mwaka 2018 alikuwa amejiunga na Simba ya Dar es Salaam, na huko akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa misimu miwili mfululizo, mabao 23 msimu wa 2018/19 na mabao 22 msimu wa 2019/20. Na kwa kijana wa Rusizi, ambaye lafudhi yake hufanana na ya Bukavu na ambaye shangazi yake yuko ng'ambo ya daraja, shaka iliyozuka mwaka 2014 ni mzigo unaoweza kumwangukia hata kama hati zake zote ni halali.

Dawa ya shaka hiyo ni kuzijua kanuni na kuzifuata. Kwa mujibu wa kanuni za FIFA, mchezaji aliyepata uraia mpya anaweza kuichezea nchi hiyo iwapo yeye mwenyewe, au mzazi wake, au babu au bibi yake alizaliwa humo. Asipokuwa na uhusiano huo, lazima awe ameishi humo. Tangu marekebisho ya Septemba 2020, muda unaotakiwa ni miaka mitatu kwa aliyehamia kabla ya kutimiza umri wa miaka 10, na miaka mitano kwa aliyehamia baada ya hapo. Marekebisho hayohayo yalimfungulia mlango mchezaji aliyekwisha kuichezea nchi nyingine. Anaweza kuhama iwapo hakucheza zaidi ya michezo mitatu ya timu ya wakubwa, aliicheza kabla ya kutimiza miaka 21, haukuwamo mchezo wa fainali za Kombe la Dunia au za bara, na imepita miaka mitatu. Mchezo wa raga nao unakwenda njia hiyo. Shirikisho la dunia la raga liliongeza muda wa ukaazi kutoka miezi 36 hadi miezi 60, na tangu mwaka 2022 linamruhusu mchezaji, kwa masharti, kuhama mara moja kwenda nchi ya asili yake. Ulimwengu wa michezo umekubali kwamba watu huhama. Usichokubali ni mtu kuhama pamoja na jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa.

Wala uangalifu wa karatasi hauishii kwenye uraia. Mwaka 2023, baada ya kutoka sare ya 1–1 na Benin mjini Kigali, Rwanda ilinyang'anywa pointi yake na Benin ikapewa ushindi wa mezani wa 3–0, kwa sababu Rwanda ilimchezesha mchezaji aliyekuwa na kadi mbili za njano. Miguu ya wachezaji ilitafuta pointi ile kwa dakika 90. Kalamu iliipoteza kwa dakika moja.

Karatasi ya pili, ndugu msikilizaji, ni mkataba. Wapo wanaodhani kwamba mkataba ni jambo la klabu tajiri za Ulaya. Ukweli ni kwamba anayeuhitaji zaidi ni mchezaji wa klabu ndogo. Kanuni za FIFA zinasema mkataba wa mchezaji wa kulipwa uwe wa maandishi, usizidi miaka mitano, na kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18 usizidi miaka mitatu. Mchezaji ana ruhusa ya kutia saini na klabu nyingine pale mkataba wake unapobakiwa na miezi sita au pungufu. Na klabu ikishindwa kumlipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuipa taarifa ya maandishi ya siku 15. Ikipita bila kulipwa, ana haki ya kuuvunja mkataba.

Haki hizo zote zina msingi mmoja: maandishi. Kijana anayecheza kwa ahadi ya mdomo, kwa posho ya nauli na chakula, hana mwezi wa kwanza wala wa pili wa kuhesabu. Akiumia goti, hana karatasi ya kuonyesha. Akitakiwa na klabu nyingine, huambiwa yeye ni mali ya waliomlea. Naye akidai malipo, huambiwa alikuwa akijitolea tu. Mtu hawezi kuwa mali ya klabu siku ya kuuzwa na mgeni wa klabu siku ya mshahara.

Klabu nayo hupoteza. FIFA imeweka utaratibu ambao, mchezaji anapouzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Tuseme kijana amelelewa na klabu ya wilaya kuanzia msimu wa kutimiza miaka 16 hadi ule wa kutimiza miaka 19, yaani misimu minne. Kila msimu wa umri huo una haki ya nusu ya asilimia moja. Akiuzwa baadaye kwa dola 100,000, klabu hiyo inastahili dola 2,000. Fedha hizo zinaweza kununua mipira na viatu vya timu nzima ya vijana. Lakini hulipwa kwa klabu ambayo imeandikwa katika kumbukumbu za mchezaji. Klabu ambayo haikumwandikisha, au iliyomwandikisha kwa jina ambalo si lake, haina pa kudai. Hapo tunaona kwamba karatasi ya kwanza na ya pili zimeshonwa kwa uzi mmoja: anayemdanganya karani kuhusu umri wa kijana huiibia klabu yake mwenyewe.

Mkataba pia ndio unaofunga uhusiano kati ya klabu na timu ya taifa. Katika tarehe zilizopangwa na FIFA kwa ajili ya michezo ya kimataifa, klabu yoyote, iwe ya Kigali au ya Ulaya, inalazimika kumwachia mchezaji aliyeitwa. Nje ya tarehe hizo hakuna sharti hilo. Mchezaji akiumia akiwa na timu ya taifa na akakaa nje zaidi ya siku 28, upo mpango wa FIFA wa kuifidia klabu mshahara inaoendelea kumlipa. Lakini mshahara usioandikwa popote haufidiwi. Ndiyo maana klabu isiyo na mikataba huogopa kuwatoa vijana wake, na kijana hunyimwa jezi ya taifa na watu walewale wanaolalamika kwamba wilaya yao haipewi nafasi.

Mkataba una faida nyingine iliyo ngumu kumezwa na mshabiki: unampa mchezaji uhuru wa kuondoka. Haruna Niyonzima, mzaliwa wa Gisenyi, alipitia Etincelles ya nyumbani kwao, Rayon Sports na APR, kabla ya kwenda Yanga mwaka 2011. Mwaka 2017 akavuka upande wa pili na kujiunga na Simba. Wako wapenzi wa Yanga waliochukia. Lakini mtu yule, ambaye alivaa rangi za mahasimu wawili Rwanda na za mahasimu wawili Tanzania, alikuwa nahodha wa Amavubi kwa miaka mingi, na jezi ya taifa haikumkataa. Upenzi ni wa mshabiki. Mkataba ni riziki ya mchezaji. Mshabiki hudumu na rangi yake mpaka uzeeni, bali mchezaji ana miaka kumi au kumi na mitano ya kuvuna, kisha shamba linafungwa.

Wapo wanaouliza: je, klabu zikijaza wageni, timu ya taifa itapata wapi watu? Rwanda imejaribu njia zote mbili. Klabu ya APR, tangu mwaka 2012, ilitumia wachezaji wa Rwanda peke yao, na sera hiyo ilidumu hadi mwaka 2023 ilipoanza tena kusajili wageni. Kwa miaka hiyo timu ya taifa ilipata hazina kubwa kutoka klabu moja, jambo lililosaidia hasa katika mashindano ya CHAN, ambayo huchezwa na wale tu wanaocheza katika ligi za nchi zao. Mwaka 2016 Rwanda iliyaandaa mashindano hayo katika miji ya Kigali, Huye na Rubavu, ikafika robo fainali, ikatolewa na Kongo kwa 2–1 katika muda wa nyongeza. Na Kongo ndiyo iliyotwaa kombe. Lakini sera hiyohiyo iliwapa wapenzi wa klabu nyingine neno la kusema: kwamba timu ya taifa imekuwa APR iliyobadilishiwa jezi. Neno hilo liwe la haki au lisiwe la haki, linatufundisha kwamba hazina ya taifa isiwekwe katika chungu kimoja.

Na malipo ya timu ya taifa yenyewe yasisahauliwe. Mwezi Aprili 2016 timu ya raga ya Kenya ya wachezaji saba iliishinda Fiji 30–7 katika fainali ya Singapore, na nchi nzima ikashangilia. Miaka miwili baadaye, mjini Paris, wachezaji wa timu hiyo waliingia uwanjani wakiwa wameyafunika maandishi ya mfadhili kifuani, wakilalamikia fedha zao. Uzalendo ni kitu kikubwa, lakini hauwezi kutumwa dukani kununua unga. Nchi inayomwomba kijana aitetee kwa mwili wake hapana budi imwandikie mapema atalipwa nini, lini, na nani atamtibu.

Sasa tuje kwenye karatasi ya tatu, ile ya uteuzi. Mwalimu wa timu ya taifa ana haki ya kuchagua anayemtaka, na haki hiyo isiingiliwe na kiongozi wa klabu, wa wilaya wala wa serikali. Lakini haki ya kuchagua hufuatana na wajibu wa kutazama na wajibu wa kueleza. Si lazima aeleze kila jina. Inatosha aseme wateuzi wake wameona michezo ya viwanja gani, wanatafuta sifa zipi katika kila nafasi, na aliyeachwa anatakiwa kuongeza nini. Mpenzi wa Rusizi atakayesikia kwamba mteuzi alikaa Kamarampaka dakika 90 na akaona mlinzi wake ni mzito wa kugeuka, atabisha, maana kubisha ni sehemu ya mpira. Lakini hatasema ameonewa.

Wajibu uko kwa kila mmoja. Shirikisho la mpira linapaswa kuwafikisha wateuzi wake katika madaraja ya chini na katika wilaya za pembezoni, na kuhakiki hati kabla ya mashindano badala ya kusubiri mpinzani azihakiki. Viongozi wa klabu za wilaya wamwandikishe kila kijana kwa jina lake la kweli na wampe mkataba, hata uwe wa fedha kidogo. Wazazi wa mpakani wachukue vyeti vya kuzaliwa mapema, wakati mtoto bado anabebwa mgongoni, wala wasimruhusu mtu yeyote apunguze miaka ya mtoto wao kwa ahadi ya safari. Na sisi washabiki tuendelee kuzipenda klabu zetu bila kuona haya, lakini tumpime mchezaji wa taifa kwa mpira wake, si kwa barabara iliyomleta.

Mwezi Novemba 2023 Amavubi waliifunga Afrika Kusini mabao 2–0 katika uwanja wa Huye, mbali na Kigali, wakati Uwanja wa Amahoro ulipokuwa ukijengwa upya. Mvua ilinyesha, na watu walishangilia bila kuulizana wilaya. Timu ya taifa inaweza kuwa nyumbani popote katika nchi yake. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba na kijana wa popote katika nchi, hata wa nyumba ya mwisho kabla ya daraja la Rusizi, anaweza kuwa nyumbani ndani ya timu hiyo.